Hamira Iliyofukizwa Udi

Aibu hii nimeificha hata kwa mume wangu, ila ninyi ni wangu, acha niwaambie. Nafanya kazi kwenye maabara moja hapa Tanga, tunatengeneza kipimo cha maji chenye chembe hai za hamira (ndiyo, hamira ya maandazi) zilizolazwa juu ya vijiwaya ambavyo jicho halivioni. Hamira ikiwa nzima, umeme kidogo unapita. Ikikutana na sumu inadhoofika, umeme unakatika, taa nyekundu inawaka.

Siku ya kwenda Pongwe kupima kisima kipya cha Mzee Bakari niliamkia Mabawa kwa shangazi yangu, na shangazi hamruhusu mwanamke kutoka kwenda mbele za watu bila kufukizwa. Akawasha chetezo cha udi, akafukiza baibui langu, kisha akaufukiza na mkoba wangu, na kipimo kimo humo humo. Nilimwona, ila kumkatalia niliona vibaya.

Nikafika nanukia kama bi harusi. Watu wamejaa, maana mzee amekichimba kisima kile kiwe sadaka ya marehemu mkewe, wanangoja neno langu tu waanze kuteka. Kawaida yetu ni kupima kwanza maji tunayoyajua kuwa safi, lakini mimi nikairuka hatua hiyo (nani awachomeshe watu jua?). Taa ikawaka nyekundu, nami nikatangaza kwa sauti kwamba maji yana sumu. Kina mama wakamwaga ndoo, wakaondoka. Mzee Bakari akakaa kwenye ukingo wa kisima.

"Mwanangu," akaniuliza, "mke wangu nimemtolea sadaka ya sumu?"

Niliumia sana. Kwa wasiwasi nikachovya kipimo kwenye maji yangu ya chupa, ya dukani. Nyekundu vilevile. Nikaunusa mkoba, udi mtupu, nikajua moshi na joto la makaa vimeshaua hamira yote. Nikakiri palepale kuwa kosa ni langu. Wanaume waliobaki wakanicheka, na haki yao.

Kesho yake nikarudi na kipimo kizima, maji safi kabisa, ila wa kunisikia alikuwa mzee na mbuzi wake. Hadi leo wengi wanakipita kisima kile, wanateka mbali. Nimeapa sitamki tena jibu mbele za watu kabla sijakijaribu kipimo, na kila Ijumaa naenda Pongwe, namwamkia mzee shikamoo, nateka, nakunywa kikombe kizima wapita njia wakiniona. Ijumaa iliyopita dada mmoja alisimama akanitazama mpaka nikamaliza, akatua ndoo yake, akaniomba kamba.