Hilja Kumpula Awapokea Wataalamu

Hilja Kumpula alizaliwa katika nyumba ya mbao namba saba, mtaa wetu hapa Kiruna, na humo ndimo vumbi la mgodi lilimomuulia mume. Miaka thelathini alipiga deki kantini ya wachimbaji. Ukitaka kumtukana, mwambie umeona buibui kwake.

Mgodi ulipofika chini ya mtaa, barua ikaja. Hilja ana mtoto wa jicho, akaniomba mimi jirani yake nimsomee. Ukurasa wa kwanza ulisema nyumba zote zitabomolewa, isipokuwa moja itakayobebwa kwa lori hadi mji mpya tutakaohamishiwa, na wataalamu watakuja Agosti kuichagua. Ukurasa wa pili ulisema itachaguliwa ile iliyobaki kama ilivyojengwa. Huo sikumsomea. Nyumba yangu ni namba tisa.

"Wageni kutoka Stokholm, Sylvi!" alisema. "Walikute jiko la mama na masizi yake? Thubutu!"

Kiangazi kizima bibi wa miaka sabini na sita alihangaika. Madirisha ya mbao yakang'olewa, yakawekwa ya plastiki. Jiko la chuma likaenda jalalani. Kuta zikapakwa rangi nyeupe pe, na mimi nikamshikia ngazi.

Wataalamu wawili walivua viatu mlangoni, wakanywa kahawa yenye vipande vya jibini, kama ilivyo desturi yetu. Nilikuwepo, nikiwapitishia sukari. Kijana mwenye miwani akagonga ukuta.

"Mama, vitu vya zamani viko wapi?"

"Nimetupa vyote, mwanangu! Hukuti hata kimoja."

"Basi hapa hakuna cha kuhamisha."

Hilja akacheka. "Kunywa kahawa wewe, usitanie watu wazima."

"Sitanii, mama. Hii itabomolewa."

Bado alikuwa anatabasamu, birika mkononi, akinitazama mimi nimweleze. Nikainamisha kichwa. Kisha nikawapeleka wageni kwangu, ambako sijabadilisha hata kitasa, nao wakafurahi kama watoto.

Siku ya kubomoa tulisimama pamoja barabarani. Tingatinga liliingia kupitia chumba alichozalia wanawe. Nilimwonea huruma, naapa, na nisingebadilishana naye kwa lolote.

Akanishika mkono.

"Afadhali iliyochaguliwa ni yako," alisema. "Angekuwa mwingine, ningemchukia mpaka kufa."

Nikamwambia asante.