Moto wa Mwezi Nisiouona

Juu ya mlima ulio nyuma ya kijiji chetu, upande wa Msuka, serikali ilikuwa imejenga kibanda cha kulala maofisa waliokwenda kwa miguu kukagua mashamba. Kuta za udongo, paa la makuti, vitanda viwili vya kamba, na baraza inayotazama magharibi. Mlima wenyewe si mrefu. Mtu wa bara angeucheka. Lakini kwetu hakuna pa juu zaidi, kwa hiyo kila tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani watu wawili walipewa ufunguo wapande kutazama mwezi. Wakiuona, huwasha moto uwanjani na kuuchochea mpaka baada ya isha, ili vijiji vyote vya bondeni viuone. Hulala huko huko, maana njia ya kuteremka ina makorongo, na asubuhi hushuka kutoa ushahidi.

Mwaka huo, miaka michache kabla ya vita ya pili, Shehe alinichagua mimi na sahibu yangu. Nilikuwa nimemaliza skuli Unguja, na baba alikuwa amekwisha kuniambia kwamba tarehe tano ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, dada yangu atakapoozwa, nitakuwa mmoja wa mashahidi wawili wa nikaha. Kwangu jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko cheti nilichorudi nacho. Shahidi ni mtu ambaye neno lake linatosha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo baba hakulijua. Macho yangu hayakuona mbali. Darasani sahibu yangu ndiye aliyenisomea ubao, kwa kuninong'oneza, miaka mitatu, na hakuwahi kumwambia mtu. Nilimpenda kwa hilo.

Jua lilipozama kulikuwa na vipande vya mawingu juu ya bahari. Sahibu yangu alikodoa macho kwa muda, kisha akanishika bega.

"Ule pale. Juu kidogo ya lile wingu refu. Umeuona?"

Nilitazama. Niliona wekundu, basi. Akaniuliza tena, nikasema nimeuona. Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilikuwa nimezoea kuona kwa macho yake, na niliona haya kukiri kwamba nimeupanda mlima wote ule bure.

Tukawasha moto. Haukupita muda tukasikia vigelegele kutoka bondeni. Tulifuturu kwa tende na muhogo wa kuchemsha, tukicheka, naye akinitania kwamba kesho watoto watanibusu mikono. Tulipojinyoosha vitandani akaniuliza gizani, "Lakini wewe uliuona kweli?"

Nikamwambia niliuona, mfano wa ukucha. Akashusha pumzi, akasema alikuwa na wasiwasi kidogo, sasa moyo wake umetulia. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikageukia ukutani, nikalala.

Asubuhi harufu ya pilau ilitupokea njiani. Lakini nje ya msikiti watu walikuwa wamesimama bila kuingia. Gari la kwanza kutoka mjini Chake lilileta habari kwamba huko watu wamefunga, mwezi haukuonekana. Shehe akatuita ndani mmoja mmoja mbele ya wazee. Nilianza mimi. Nilishika Msahafu, nikaapa kwamba niliuona kwa macho yangu mwenyewe.

Kisha akaingia yeye. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia akisema kwa upole:

"Mimi, Shehe, sina hakika niliona nini. Nilishika neno la mwenzangu. Yeye ndiye aliyeuona."

Nilitaka kuingia niseme kwamba yeye ndiye aliyenionyesha. Lakini ningesemaje? Kwamba nimetoka kuapa uongo? Kwamba hata ubao sikuwa nikiuona? Hilo yeye alilijua kuliko mtu yeyote, na alilijua alipokuwa akiyatamka maneno yale. Alipotoka hakunitazama.

Kwa kuwa mwezi wa Idi hautangazwi kwa neno la mtu mmoja, Shehe akatangaza watu wajizuie kula mpaka magharibi, na baadaye walipe siku moja. Masufuria ya pilau yakafunikwa. Nilipopita uani shangazi yangu aliniambia bila kuinua kichwa, "Haya, mwenye mwezi, tuonyeshe na jua limefika wapi." Jioni mwezi ulionekana, mwembamba kama uzi. Kila mtu aliuona isipokuwa mimi.

Kisa hiki nimekisimulia miaka mingi kama kisa cha rafiki aliyenisaliti, na alinisaliti kweli. Uchungu wake bado ninao. Ila siku hizi, kila nikikisimulia, nafika pale kitandani, aliponiuliza gizani, na siwezi kuruka hapo.

Siku ya tano tuliketi mkekani kwa nikaha. Shahidi wa kwanza alikuwa mjomba. Shehe alipouliza wa pili, baba aliinamisha macho, asinitaje. Shehe akamtaja sahibu yangu. Alikuwa ameketi ubavuni kwangu, na mimi nilikuwa nimelikalia pindo la kanzu yake. Akanigusa goti, akaninong'oneza, kwa sauti ileile ya darasani, nisogee kidogo apate kuinuka.

Nikasogea.