Mgombea Aliyewakatalia Watu Wake

Wasomaji wangu, juzi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Ngulyati, nje kidogo ya mji wa Bariadi: mkulima mmoja wa pamba, ambaye wengi wenu hamkumjua, amefariki dunia. Nilikwenda kumzika. Waombolezaji walikuwa wachache, na katika wasifu wake hakuna aliyetaja kwamba aliwahi kugombea udiwani, kana kwamba lilikuwa jambo la aibu. Hilo liliniumiza kuliko kaburi lenyewe.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi viliporudi na wanunuzi binafsi wa pamba wakaruhusiwa kuingia vijijini. Msimu wa kwanza bei ilituchekea, uliofuata ikaanguka. Marehemu alikuwa anahutubia mkutano wa kampeni, watu wanamshangilia, wakulima fulani walipomburuta karani wa mnunuzi mmoja hadi mbele ya jukwaa, shati limechanika. "Ngosha, mwizi wetu ndiye huyu!" mmoja akapaza sauti, akimwita mgombea kwa neno la Kisukuma la mwanamume. "Wewe sema neno tu!" Nilikuwepo, mwandishi mchanga wa habari, na niliona wazi kwamba neno hilo lingempa ushindi. Marehemu alishuka jukwaani, akamshika karani mkono. "Huyu hapangi bei," alisema. "Bei inapangwa mbali, na hata mkinichagua mimi siwezi kuipandisha. Mkimuua, mtarudi nyumbani na umaskini uleule, na damu mikononi." Walimzomea, wakamwita kibaraka wa matajiri. Lakini karani aliondoka mzima. Mpinzani wa marehemu aliahidi kuwatimua wanunuzi wote, akashinda kwa kishindo. Wanunuzi hawakwenda popote.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea yule mgombea aliyeshindwa. Alikuwa amesikia redioni mwanasiasa akiitwa "populisti", akaniuliza maana yake. Nikamweleza kwamba mzizi wa neno ni Kilatini, maana yake watu. Na kwamba zamani kule Marekani wakulima, wengine wa pamba, waliochoshwa na mabenki na makampuni ya reli, waliunda chama chao wakaitwa hivyo. Akacheka. "Kumbe ni wenzetu! Mbona sasa limekuwa tusi?" Nikasema leo huitwa hivyo yule anayeigawa nchi kati ya wananchi wema na wezi wao, kisha akadai yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi. "Wale walionizomea hawakuwa wajinga," alisema. "Walikuwa wameumia kweli. Niliwanyima mtu wa kumchukia, na sikuwa na kingine cha kuwapa. Hilo linanisumbua mpaka leo."

Jibu langu kwake limechelewa, lakini ni hili. Uchungu wa mkulima ni wa haki, na atakayeupuuza atamwachia nafasi mchochezi. Lakini anayetupa mtu wa kumpiga hajatutibu. Ameukopa uchungu wetu apandie cheo. Tunasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu, kisha tunamnyima kura, na akifa tunamnyima hata sentensi moja ya sifa. Watu wa namna hiyo tuwashukuru wakiwa hai, hata kama siku ile walituudhi.