Matawi Nyuma ya Trekta

Kidonda cha Joram Ooko kilikuwa na harufu ya samaki aliyesahauliwa juani, na wa kwanza kuisikia kila asubuhi alikuwa Joram mwenyewe. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepitishwa vyuma vinne, vikaunganishwa kwa nje kama fremu ya baiskeli, na kila chuma kilipoingia palichuruzika maji ya manjano. Nzi wa mtaa mzima wa Kaloleni walikuwa wamehamia dirishani kwake.

"Usigeuze uso," mama yake alimwambia. "Tazama. Ni mguu wako."

Mwalimu Dorca alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke aliyepiga pasi hata kanga ya kupikia. Sasa kila siku alichemsha maji ya chumvi, akapiga magoti na kumsafisha mwanawe mwenye umri wa miaka thelathini na minane. Mke wa Joram, Caren, alikuwa sokoni tangu alfajiri, kwa hiyo hata beseni ya haja ilimwagwa na mama. Aliibeba ikiwa imefunikwa gazeti, kichwa juu, kana kwamba anapeleka sadaka madhabahuni. Joram alikuwa akifumba macho mpaka mlango ufungwe.

Lakini kilichomtia kichefuchefu kuliko usaha ni pole za watu. Kila aliyekuja kumjulia hali alikalia kiti kilekile, akakubali chai, akaisimulia ajali upya, na kila mara dereva wa trekta alizidi kuwa mbaya. Wiki ya kwanza alikuwa ameegesha vibaya. Wiki ya pili alikuwa na simu sikioni. Kufikia wiki ya sita alikuwa mlevi, na jirani mmoja aliapa kwamba alionekana akicheka.

Joram hakuwahi kusema lolote kati ya hayo. Yeye alitikisa kichwa tu, mara moja. Siku alipozinduka hospitalini, Obiero, mwenyekiti wa steji yao ya bodaboda, aliinama akamuuliza, "Omera, ndugu yangu, yule jamaa hakuweka alama yoyote barabarani, sivyo?" Na Joram akatikisa kichwa kukubali.

Kwenye steji walimwita Jatelo, yaani kiongozi. Mwendesha bodaboda akifariki, wenzake humsindikiza kutoka mochari hadi kwao, honi zikilia, matawi mabichi yamefungwa mbele ya pikipiki na mengine yakipeperushwa mkononi. Aliyetangulia msafara siku zote alikuwa Joram. Alijua kusimama juu ya pikipiki inayokwenda, alijua kufungua njia, na watu walitoka madukani kumtazama. Mama yake hakupenda. "Mtoto wa mwalimu," alikuwa akisema, "kuruka ruka mbele ya maiti kama tumbili." Lakini Joram hakuwa na jambo jingine duniani lililomfanya ajulikane kwa jina.

Mara ya mwisho walimsindikiza mwenzao hadi Usenge. Joram alikesha matangani usiku wa kwanza na wa pili bila kulaza ubavu. Baada ya maziko alirudi Kisumu, na badala ya kwenda kulala akambeba mteja hadi Ahero. Alijua amechoka. Hapo ndipo alipojichukia zaidi: alijua. Wakati wa kurudi, saa nane mchana, jua likiwa limesimama juu ya mashamba ya mpunga, alijipiga kofi mara mbili. Alijimwagia maji kichwani. Kisha akajiambia kwamba mwanamume hashindwi na usingizi mchana kweupe.

Kabla ya kufika Rabuor aliona matawi mabichi barabarani.

Katika usingizi wake alikuwa bado msafarani. Aliyaona majani akadhani ni ya wenzake, akafurahi, akabonyeza honi, akayafuata. Yalimwelekeza moja kwa moja nyuma ya trela la trekta lililoharibika kando ya lami.

Wenzake walifika kabla ya polisi. Walikuwa zaidi ya thelathini. Dereva wa trekta, Wechuli, mtu wa upande wa Bungoma aliyeajiriwa kulima mashamba ya mpunga, walimpiga mpaka meno mawili yakatoka, wakachoma magurudumu ya trekta. Mwenye trekta akamsimamisha kazi, na polisi wakamfungulia faili. Kilichobaki kilikuwa maelezo ya Joram.

Maelezo hayo Mwalimu Dorca aliyaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ubaoni, kila herufi imekaa mahali pake. Jumanne, baada ya kufunga bendeji mpya, alimwekea karatasi kifuani.

"Soma, kisha utie sahihi. Nitaipeleka kesho."

Joram alisoma. *Dereva huyo mlevi hakuweka alama yoyote ya tahadhari.* Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina lake pamoja na la marehemu baba yake.

"Mama, alama zilikuwepo."

"Alama gani?"

"Matawi. Aliyapanga vizuri. Mimi nililala juu ya pikipiki."

Alimweleza yote, hata ile furaha ya kuyaona majani. Mama aliinuka. Alikwenda kwenye karai, akanawa mikono kwa sabuni, akaisuuza, akanawa tena. Kisha akautazama mlango kama umefungwa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Joram alijiinua kwa kiwiko. Basi ingewezekana. Wawili tu, na mlango umefungwa. Alipofungua kinywa kumjibu, mama aliinua mkono wenye povu.

"Usinijibu! Nimejisikia nikiuliza, na nimejitia kinyaa." Alijifuta mikono kwa nguvu. "Nimemwita mtoto wa watu mlevi. Kanisani, Joram! Nimesimama mbele ya akina mama nikawaomba wamwombee mlevi aliyemvunja mwanangu. Wewe umelala hapa unanisikia ninavyorudi kukusimulia, unakunywa uji."

"Nilifikiri nikisema, jina letu..."

"Jina letu limekaa juu ya uongo, kwa mwandiko wangu. Hiki kidonda cha mguuni ninakiosha kwa chumvi. Hicho kingine utakiosha mwenyewe."

Asubuhi yake walipanda tuktuk hadi kwenye steji, Joram akiwa na magongo, mguu umenyooshwa nje.

"Jatelo!" vijana walishangilia. "Mguu umekuwa antena! Unashika redio gani?"

"Ya Uganda bila shaka!"

Walicheka, naye Joram alitamani kicheko kile kiendelee hadi jioni. Mama yake alibaki ndani ya tuktuk, macho mbele. Basi Joram akawaambia yote.

Kicheko kilikatika. Obiero alisogea karibu. "Omera, hizo ni dawa za hospitali zinaongea."

"Ni mimi. Yule mtu hana kosa."

"Tulikuuliza hospitalini ukatikisa kichwa."

"Nilitikisa. Na nyinyi mlimpiga kabla hamjauliza mtu yeyote."

"Tulipiga kwa ajili yako!" mmoja alipiga kelele. "Sasa unataka tufungwe?"

Obiero alitema mate karibu na gongo la Joram. "Usituite wenzako tena. Siku yako ikifika, utajisindikiza mwenyewe."

Kutoka steji tuktuk iliwapeleka hadi Ahero, nyumbani kwa Wechuli. Yale mate Joram aliyaona mbele ya macho yake njia nzima, na hakujua kama yanamchukiza kwa sababu ni ya Obiero, au kwa sababu kabla ya ajali yeye naye angetema vilevile.

Wechuli alikuwa amekaa kizingitini, akimenya mihogo pamoja na mkewe, Nabututu. Alimtambua Joram, akasimama na kisu. Kisha pua yake ikakunjamana.

"Unanuka," alisema.

"Ananuka, Baba," Mwalimu Dorca alijibu. "Nimemleta hivyohivyo."

Joram alisema pole. Wechuli alimwacha amalize, akapanua mdomo kidogo, pengo likaonekana.

"Mimi nilipigwa na watu thelathini. Pole umeleta moja."

"Wengine wamekataa kuja."

"Nilikata muarobaini kwa panga," Wechuli alisema. "Matawi saba. La kwanza nililiweka hatua arobaini nyuma ya trela, mengine nikayafuatanisha. Hao ndugu zako waliyamwagia petroli, wakawashia magurudumu moto kwa hayohayo. Polisi walipofika hapakuwa na jani. Nimesema mpaka nimechoka. Hata huyu, mke wangu, ameanza kuniuliza kama kweli niliyaweka."

Nabututu aliinamia mihogo yake.

"Uliyaweka," Joram alisema. "Niliyaona."

"Mwambie yeye."

Joram alimgeukia Nabututu kwa shida juu ya magongo. "Mama, aliyaweka. Niliyaona kwa macho yangu, nikayafuata."

Nabututu aliinuka. Alikichukua kisu mkononi mwa mumewe, akampa shati safi lililokuwa kwenye kamba.

Katika kituo cha polisi Wechuli alikataa kukaa benchi moja na Joram. Askari alitoa karatasi. Joram alimgeukia mama yake kwa mazoea, lakini Mwalimu Dorca aliiweka kalamu mezani, akafunga mkoba.

"Andika mwenyewe."

Aliandika kwa mwandiko wake mbaya, mistari ikipanda mlima: *Sikuwa nimelala siku mbili. Nililala nikiendesha. Matawi yalikuwepo barabarani.* Jasho lilimtoka, na ile harufu ikajaa chumba kizima mpaka askari akafungua dirisha. Wechuli alisimama nyuma yake, kola ya shati safi puani, akisoma neno kwa neno.

"Umeandika matawi tu," alisema. "Weka na idadi."