Jiwe la Mizani Lililozidi Uzito

Alhamdulillahi, tumbo limepungua, lakini aibu niliyoipata dukani kwangu hapa Igowole, Iringa, sijaisahau.

Daktari alinipa vidonge vya kupunguza unene, akaniusia: “Hamu ya chakula itakwisha, Mzee. Hata hivyo ule mayai na maharage, na ufanye kazi za nguvu, nyama ya mikono isije ikaondoka pamoja na mafuta.” Nikameza vidonge, nikanywa chai kavu, nikakaa kitini.

Baada ya muda, jiwe kubwa la mizani likawa halinyanyuki. Nikachanganyikiwa. Kama limeongezeka uzito, basi nimewapunja wakulima wote walioniuzia maharage! Siku ya soko nikasimama mbele ya watu wa Igowole, nikawaomba radhi huku nikilia. Jirani yangu mwenye duka akaleta jiwe lake, tukayapima pamoja. Yakalingana.

“Basi na lako limeharibika,” nikamwambia.

Bibi mmoja mkulima akalinyanyua jiwe langu kwa mkono mmoja, akaitazama mikono yangu.

“Jiwe halina kosa, baba,” akasema. “Hayo maharage unayonunua kwetu, hebu na wewe uyale.”