Upanga wa mbao unaoniteleza mkononi

Leo nimeambiwa upanga wangu si wangu.

Ni ule wa mbao, wa mazoezi ya kupigana kwa upanga. Tangu nihamishiwe Bariadi unaniteleza mkononi, nikadhani ni jasho tu.

Nikampelekea jirani yangu Masanja, mchunga ng'ombe. Fimbo zake anazivika ngozi mbichi ya mkia wa ng'ombe. Ikikauka inabana, haitelezi tena.

Akaupapasa mpini.

"Dada, mbona huu umelika kwa mkono wa kushoto?"

Mimi natumia kulia.

Wa kushoto ni Rehema, niliyefanya naye mazoezi kila jioni kule Tanga. Kumbe siku nafungasha tulibadilishana bila kujua.

Masanja ameshaloweka ngozi. Nimemwambia aache, uteleze hivyo hivyo.

Rehema, ukisoma hapa, na wangu unakuteleza huko?