Aliyemwambia Mjumbe

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni, tulihamishwa kutoka mashambani mwetu huko Meru, juu kidogo ya Kanyakine, tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Handaki hilo tulilichimba sisi wanawake, kwa kuwa waume wetu wengi walikuwa kizuizini. Wangu alichukuliwa akikama ng'ombe. Hakufikishwa kortini, wala hatukuambiwa kosa lake. Nilichimba nikiwa na mtoto mchanga mgongoni.

Siku moja mjumbe wetu katika Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wachache waliokaa humo, alikuja kutusikiliza. Asubuhi chifu alikuwa ametuonya: "Akiuliza, semeni mko sawa." Mjumbe akauliza, sisi tukanyamaza. Homugadi, wale askari wenyeji waliomsaidia chifu, walikuwa nyuma yetu na bunduki.

Chifu akaniamuru nimpelekee mgeni maji. Nilipompa kikombe, aliviona viganja vyangu vilivyochubuka. Akanywa polepole, kikombe kikimfunika mdomo, akaniuliza kwa Kimeru, "Ni kazi gani hiyo, mama?"

"Handaki," nikamnong'oneza. "Hata sisi tunaonyonyesha. Na mume wangu hajamwona hakimu hadi leo."

Akanirudishia kikombe, akamshukuru chifu, akaenda zake. Nilidhani yameishia hapo.

Wiki kadhaa baadaye filimbi ilipigwa uji ukiwa bado jikoni. Uwanjani tulimkuta chifu amefura kwa hasira. Mjumbe alikuwa amesimama katika Baraza huko Nairobi, akakitaja kijiji chetu, akauliza ni sheria gani inayomchimbisha mama anayenyonyesha na kumfunga mtu bila kesi. Sasa Mkuu wa Wilaya alitakiwa ajieleze.

"Nani alimwambia?" chifu akauliza. "Hakuna kwenda shambani wala mtoni mpaka nijue."

Jua likapanda. Watoto wakaanza kulilia maji. Mama mkwe, ambaye nilikuwa nimemsimulia yote, akanong'ona bila kunitazama, "Usithubutu. Atachoka." Lakini jirani yetu mjamzito alianguka, na homugadi mmoja akamsukuma kwa buti ili ainuke. Nikatoka mbele.

"Ni mimi. Aliniuliza, nikamjibu."

Nilifungiwa na mtoto katika kibanda cha kambi ya homugadi. Kila niliposikia hatua za mtu zikija mlangoni nilimkumbatia mwanangu, nikiamini zamu yetu imefika. Maziwa yakanikauka. Mama mkwe akajisingizia ugonjwa, akapata ruhusa ya kwenda hospitali ya Meru, lakini hospitalini hakufika. Alikwenda Makutano kwa Mwislamu mmoja muuza nyama, aliyefahamiana na mjumbe. Huyo ndiye aliyempelekea habari, na mjumbe akasimama tena kuuliza.

Ofisa mmoja Mzungu akaja, akaamuru mlango ufunguliwe. Tangu siku hiyo wanaonyonyesha hawakuchimba tena. Wengine waliendelea, na kwa kuwa mikono ilipungua, kazi yao ikazidi. Baadhi yao waliacha kunisalimia, nami sikuwalaumu.

Mume wangu aliendelea kukaa kizuizini kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa amekonda, anakohoa, na mtoto alimkimbia. Jioni nilipomweleza habari za mjumbe, aliweka chakula chini. Akasema kule kambini walisikia kwamba kuna mwanamke wa upande wa Meru aliyefungwa kwa kuwasemea wafungwa, nao walikuwa wakimwombea.

"Hata mimi niliomba," akasema. "Sikujua ni wewe."